Msimamo Wenu wa Ligi Unaniharibia Kazi

Kwa Mhariri wa Kurasa za Michezo,

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni msomaji wako wa muda mfupi sana, wiki tatu tu, tena si kwa hiari yangu. Ni Mkuu wa Takwimu na Matangazo katika kiwanda cha rangi za nyumba, cheo nilichokishika miaka sita bila mtu yeyote kuelewa ninachokifanya, na kwa hilo nilikuwa nikisifiwa. Ofisini wananiita Bwana Slaidi. Nilidhani ni kwa heshima.

Nakuandikia kulalamikia lile jedwali la msimamo wa ligi mnalolichapa kila Jumatatu, ukurasa wa nyuma, chini kulia. Naomba nieleweke mapema kwamba sina ugomvi na mpira. Ugomvi wangu ni na jedwali lenyewe, kwa kuwa linaeleweka. Linaeleweka kupita kiasi, na mtu yeyote, na bila maandalizi yoyote, na madhara yake kwa watu wa fani yangu hamjawahi kuyafikiria hata kidogo.

Kisa kilianzia kwenye kikao chetu cha robo mwaka. Nilikuwa kwenye slaidi ya tisa kati ya sitini na nne, ndiyo kwanza nachangamka, projekta ikazima. Fundi wa umeme akatoka kwenda kutafuta waya. Katika kusubiri, mtunza ghala wetu akafungua gazeti lenu. Bibi Mkurugenzi, mama aliyeanzisha kiwanda hiki kwa kukoroga rangi kwa mwiko uani kwake, na ambaye hajui timu moja wala mbili, akachungulia begani kwa mtunza ghala.

"Hebu lete hapa," akasema. "Huyu wa juu ndiye anaongoza? Na hawa watatu wa chini ndio wanashuka daraja? Na huyu kacheza mechi pungufu, kwa hiyo bado ana nafasi?"

Mtunza ghala akawa anajibu ndiyo mama, ndiyo, ndiyo. Sekunde kumi zilitosha. Kisha Bibi Mkurugenzi akanigeukia mimi: "Baba, mpira siujui, na hiki nimekielewa. Rangi naiuza mwaka wa ishirini na nane huu, na za kwako sijazielewa hata siku moja. Kikao kijacho niletee kitu kama hiki. Ukurasa mmoja."

Kikao kijacho ni Jumanne hii, hakikungoja robo nyingine. Siku hiyo Bibi Mkurugenzi ataamua eneo lipi la mauzo lifungwe kati ya manne tuliyo nayo, pamoja na muuzaji wake. Ripoti yangu ya slaidi sitini na nne ilishapendekeza eneo la Milimani. Muuzaji wa Milimani ni mwanamke mmoja anayefunga makopo ya rangi nyuma ya pikipiki yake na kupanda nayo hadi kule ambako magari ya kampuni hayataki kwenda. Kwa bahati mbaya ni shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu. Nilimpendekeza aondolewe ili kila mtu aone kwamba mimi sina upendeleo. Nilijipongeza kwa hilo, tena kwa sauti.

Sasa, Ndugu Mhariri, nayaweka malalamiko yangu kwa namba, kama mtu aliyesoma.

1. Safu ya mechi zilizochezwa. Kuna haja gani ya kuwatangazia watu kwamba timu hii imecheza mechi kumi na ile kumi na nne? Mwenye pointi nyingi ana pointi nyingi, basi, tumshangilie twende nyumbani. Tangu gazeti lenu liingie ofisini, watu wameanza kuniuliza kila eneo lina maduka mangapi. Mjini Kati, eneo ambalo kwa bahati tu nalisimamia mimi mwenyewe, lina maduka sabini. Milimani yako kumi na manne. Miaka sita yote hakuna aliyeuliza, na mimi sikulelewa kujibu nisichoulizwa.

2. Mnapanga kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Huu ni ukatili. Mimi maeneo yangu huyapanga kwa jinsi yanavyopendeza kwenye slaidi.

3. Hamtumii rangi. Jedwali lenu ni wino mweusi juu ya karatasi, kama risiti ya dukani. Mimi mtu wa kiwanda cha rangi siwezi kujishusha hivyo. Katika slaidi ya thelathini na moja nilichora duara lenye vipande kumi na sita, vinne vya maeneo na kumi na viwili vya kupendezesha, kila kipande na rangi yake kutoka kwenye orodha yetu ya rangi nyeupe: maziwa, pamba, chaki, pembe, ganda la yai na ndugu zao wengine. Nakiri kwamba kipande cha Milimani kilikuwa cha ganda la yai, na ukuta wa chumba cha mikutano nao tumeupaka ganda la yai, kwa hiyo hakikuonekana kabisa. Siku ya majaribio, kabla ya kikao, mhasibu aliuliza mbona duara limemegwa. Nilimwambia ndiyo mtindo wa kisasa, naye akaandika.

4. Mnaanzia sifuri. Kila timu kwenu huanza msimu ikiwa na sifuri, na pointi moja ni moja, na kumi ni kumi. Ndugu Mhariri, ukianzia sifuri utawezaje kumfurahisha mtu? Nguzo za grafu yangu huanzia mia tatu. Robo iliyopita Milimani ilikuwa na makopo mia tatu na kumi, na Mjini Kati mia tisa na arobaini. Kwa kuanzia mia tatu, Mjini Kati ilisimama kama mnara, na Milimani ikalala chini kama kizingiti cha mlango. Mgeni mmoja alidhani ni mstari wa kufungia ukurasa. Sikusema uongo hata neno moja. Nilichora tu nikaacha watu waangalie.

5. Mnahesabu mabao. Hili ndilo linaniuma zaidi, maana naona mngeweza kabisa kuhesabu vitu vingine vizuri. Mbona jedwali lenu halina safu ya umiliki wa mpira? Kuna timu moja iko mkiani ambayo, nasikia, hupigiana pasi mpaka watazamaji wanapiga miayo. Nyie mmeiandikia mabao mawili tangu msimu uanze. Mngeiandikia pasi zake, leo ingekuwa bingwa, na kocha wake angelala usingizi kama niliokuwa nikilala mimi. Kwetu sisi pasi zinaitwa "watu waliofikiwa". Robo iliyopita matangazo yangu yalifikia watu laki nne na nusu. Mtunza ghala, ambaye siku hizi anajifanya mchambuzi, akauliza mbona mji mzima una watu laki tatu, hao wengine ni kina nani. Nilimjibu kwamba wengine walifikiwa mara mbili. Akauliza tena: "Na walionunua?" Huyu mtu kabla ya gazeti lenu alikuwa mpole sana.

6. Mabao ya kuotea na mabao ya kujifunga. Hapa, Ndugu Mhariri, naomba ukae chini.

Kampeni yangu kubwa inaitwa Ukuta Unaosema. Tunakwenda kwa mwenye duka, tunampakia kuta zake bure, mbele na ubavuni, halafu tunaandika jina la rangi yetu kwa herufi za urefu wa mlango. Niliibuni mimi. Rangi ya kupakia kuta hizo inatoka ghalani kwetu. Na katika ripoti zangu, tangu enzi za mtangulizi wangu, "mauzo" maana yake ni kopo lililopita geti la ghala. Kwa hiyo kila tulipotangaza zaidi, mauzo yalipanda, na kila mauzo yalipopanda niliomba kuta zaidi. Kampeni ilifanikiwa siku ile ile ilipoanza, kabla mteja hajaamka. Nilifungiwa kiyoyozi ofisini.

Siku mbili baada ya kile kikao mtunza ghala alinijia na daftari lake la geti. "Bosi," akasema, kwa upole ambao sikuupenda, "mpira ukiingia kwenye goli lako mwenyewe huwa tunashangilia?" Kati ya yale makopo mia tisa na arobaini ya Mjini Kati, mia tano na ishirini tulijipakia wenyewe kwenye kuta. Mia mbili na kumi yalirudishwa na wenye maduka, na mimi nikaendelea kuyahesabu, kama mtu anayeshangilia bao huku mshika kibendera amesimama na kibendera juu. Toa hayo, toa na hayo, yanabaki mia mbili na kumi. Nimeifanya hesabu hiyo mara nne, kwa kalamu tofauti.

Milimani hatukupaka ukuta hata mmoja, kwa kuwa mafundi wangu waliogopa mwinuko. Makopo yake mia tatu na kumi yalinunuliwa yote na watu, isipokuwa mawili yaliyobonyea njiani.

Nyie wenzetu bao la kuotea mnalifuta, na la kujifunga mnampa mpinzani. Siwalaumu kwa uadilifu wenu. Nawalaumu kwa kuufanya hadharani, mahali ambapo mtunza ghala anaweza kuuona.

7. Jedwali limeingia nyumbani kwangu. Mke wangu ni mwalimu, na jioni huwa mwandika mabao wa timu ya netiboli ya shule. Amefanya kazi hiyo miaka minane na sikuwahi kumuuliza anaandika nini. Nilipomlalamikia habari za gazeti lenu, nikitegemea atanionea huruma, alitoa karatasi zake mkobani. "Baba watoto, ona hapa. Kila mrushaji namwandikia karusha mara ngapi, kafunga mara ngapi. Huyu karusha sabini kafunga ishirini na moja. Huyu karusha kumi na nne kafunga kumi na mbili. Wewe ungemtoa nani?" Nikamwambia swali lake halina takwimu za kutosha. Akaenda kulala.

Jumapili iliyofuata shemeji alikuja kula kwetu. Habari za ripoti yangu zilishampandia huko milimani, hilo nalijua, kwa sababu mke wangu alikuwa ananitazama kila ninaponyoosha mkono kwenye sahani. Alinisalimia kama siku zote: "Shemeji, habari za mjini? Mbona umekonda, kazi nyingi, eh?" Baada ya kula akanipa daftari lake. Maduka kumi na manne, kila duka na ukurasa wake: mwenye duka ni nani, kanunua nini, kapaka chumba gani, kimebaki chumba gani. Akasema, "Nimekuletea, nikajua utalihitaji kwa kile kitabu chako cha picha." Hakuwa ananikejeli. Anaamini kweli kwamba ninatengeneza kitabu cha picha, na kwamba kina faida kwa mtu.

Niliona aibu, Ndugu Mhariri. Naiandika hivyo hivyo kwa sababu sijaipatia grafu yake.

Basi, kwa heshima na taadhima, naomba gazeti lako lifanye yafuatayo kuanzia toleo la Jumatatu, siku moja kabla ya kikao. Kwanza, safu ya mechi zilizochezwa iondolewe, isomeke "safari ya pamoja". Pili, timu zipangwe kwa uzuri wa jezi. Tatu, msimamo mzima uchapwe kama duara lililolala upande, vipande kumi na sita, rangi nyeupe zote. Rangi nitawapa mimi bure kutoka ghalani, tena msisite, maana kwetu itahesabika kama mauzo. Nne, pointi zianzie thelathini. Tano, timu iliyofungwa matano kwa sifuri iandikwe kwamba "golikipa wake amepata ushiriki mkubwa".

Na kama mna sauti kwa viongozi wa ligi, washaurini waache kabisa habari za mabao. Kipenga cha mwisho kikilia, makocha wawili waje katikati ya uwanja na projekta, kila mmoja slaidi sitini na nne, na watazamaji wapige makofi kulingana na urefu. Timu zote zitatoka zimekua. Hakuna atakayeshuka daraja. Mimi niko tayari kuwasaidia kwa ushauri, kwa kuwa huenda hivi karibuni nikawa na nafasi.

Najua unajiuliza faida yangu ni nini. Nitasema wazi. Bibi Mkurugenzi akilifungua gazeti lenu Jumatatu akakuta haelewi kitu, atajua kwamba kutoelewa ndiyo hali ya kawaida ya dunia, na Jumanne ataniruhusu niwashe projekta yangu kama zamani. Msiponisaidia, itabidi nisimame na ukurasa mmoja ambao aliye juu ni shemeji na aliye chini ni mimi. Mwenye watoto wanaosoma hawezi kufanya hivyo kwa furaha. Lakini na shemeji ana watoto wanaosoma, jambo ambalo sikuliweka kwenye slaidi yoyote.

Nisalimie mwandishi wako wa takwimu, ambaye simjui na simtakii mabaya, ila apumzike kidogo. Salamu kwa anayechora mistari ya jedwali, mwambie mkono wake umenyooka mno. Salamu kwa washika vibendera wote, kwa kocha wa ile timu ya mkiani, mwenzangu, na kwa golikipa wake mwenye ushiriki mkubwa. Mke wangu anawasalimu pia, ingawa hajui bado ninawaandikia.

Ni mimi, mteja wenu niliyelazimika, wa mnara uliosimama juu ya mia tatu,

Mkuu wa Takwimu na Matangazo,
Kiwanda cha Rangi.

Nyongeza. Barua hii haikuondoka Jumamosi kama nilivyokusudia. Kabla sijafunga bahasha nilimpa mke wangu aisome. Alicheka mahali nilipokuwa nimeandika kwa uchungu, na mahali nilipotegemea acheke akanyamaza. Alipofika kwenye watoto wa dada yake aliweka karatasi mezani, akachukua rula yake ya netiboli, akaugeuza ukurasa wa mwisho upande wa nyuma na kusema, "Haya, nitajie." Nikamtajia. Usishangae ukikuta haya huko nyuma:

Milimani: maduka 14, makopo 308, kila duka 22.
Viwandani: maduka 29, makopo 290, kila duka 10.
Stesheni: maduka 52, makopo 260, kila duka 5.
Mjini Kati: maduka 70, makopo 210, kila duka 3.

Jumanne projekta ilikuwa nzima na sikuiwasha. Nilimpa Bibi Mkurugenzi ule ukurasa. Sekunde kumi, nilizihesabu. Akatabasamu, nami nikaanza kupumua. Halafu akaugeuza.

Nilikuwa nimesahau kabisa upande wa pili kuna nini. Akaanza na mshika kibendera na golikipa, akakunja uso, akauliza kurasa nyingine ziko wapi. Zilikuwa kwenye faili langu. Alizisoma zote mbele ya kikao, kimya, dakika kumi na mbili kwa saa ya ukutani, huku mtunza ghala akichunguza dari. Mara moja tu aliinua kichwa: "Mia tano na ishirini?" Nikasema, ndiyo mama.

Hakuna eneo lililofungwa. Ukuta Unaosema umenyamazishwa. Shemeji amepewa usimamizi wa mauzo ya maeneo yote manne, na mimi nimeshushwa daraja. Neno hilo alilitumia Bibi Mkurugenzi mwenyewe, alijifunza kwenu. Miezi sita nitabeba makopo Milimani, chini ya shemeji, mpaka nijue mteja ana sura gani. Kisha akanirudishia barua. "Ipeleke ilikokuwa inakwenda. Usibadilishe kitu." Ndiyo maana unaipata ikiwa na alama ya kidole cha rangi pembeni. Kidole ni chake.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naondoa malalamiko yote saba na maombi yote matano, pamoja na lile la projekta katikati ya uwanja. Jedwali libaki lilivyo, chini kulia. Huku Milimani gazeti la Jumatatu linafika Jumanne, na shemeji huningoja nimalize kulitazama kabla hajalitumia kufungia brashi zake.

Wiki yangu ya kwanza nimekwenda maduka manne. Mawili yamenunua, moja limeniambia nirudi mvua ikikatika, moja limenifungia mlango. Mechi nne, kushinda mbili, sare moja, kufungwa moja. Pointi saba, kuanzia sifuri. Shemeji amehakiki.